Kitufe cha Mraba na Beberu wa Kanja

Kati ya wote niliowahi kuwakosea, aliyenisumbua roho zaidi hakuwa mtu. Alikuwa picha ndani ya gemu, mwanamume mwenye kipara, na nilipompata alikuwa ameinama akiosha sufuria.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko Kinoru, si mbali na uwanja. Nyumbani ni Kanja, upande wa Embu, lakini cherehani imenilisha huku Meru miaka mingi. Ukuta wa pili kuna banda la gemu, na mwenyewe si kijana kama unavyodhani. Ni mzee Mwislamu kutoka Maua, aliendesha lori la miraa hadi mgongo ukakataa, akaliuza akanunua televisheni tatu. Siku ya kwanza niliingia kwake kugombana. Nilimwambia milio yake ya risasi inawashtua wateja wangu nikiwapima kiuno. Akacheka, akanipa padi ya kuchezea, akasema, "Dada, kaa kwanza. Ukimaliza hii nitapunguza sauti." Wee! Sikutoka hapo hadi alipofunga kwenda kuswali Alasiri.

Gemu yenyewe ilikuwa ya binti ambaye watu walichoma shamba la baba yake, wakamuua na baba mwenyewe. Kazi yako ni kuwatafuta waliofanya hivyo, mmoja baada ya mwingine. Nilifurahia, sitadanganya. Hasira zangu ni za karibu tangu utotoni, na hapo nilikuwa nimepewa ruhusa. Kwa wiki kadhaa, kila saa ya chakula cha mchana, nilikuwa pale na andazi langu nikiwamaliza. Wa mwisho ndiye huyo wa sufuria. Skrini ikaandika: bonyeza kitufe cha mraba. Akageuka, na hakuwa na silaha, alikuwa na sufuria tu mkononi, povu linadondoka. Nikatafuta kitufe cha kumwacha, hakuna. Nikaizunguka nyumba yake mara tatu, gemu ikanirudisha palepale. Basi nikabonyeza polepole, kwa ncha ya kidole, nikidhani labda nitamjeruhi tu.

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Dada, kitufe hakijui upole!"

Kipara akaanguka. Mtoto wake akatoka nyuma ya nyumba na sahani mkononi, akaanza kumwita. Kutoka hapo hadi mwisho, kila mahali binti alipopita, sauti ya yule mtoto ilikuwa inasikika kwa mbali. Nilikasirika vibaya. "Kwani nani aliniambia nibonyeze? Si ni nyinyi?" niliiuliza televisheni, watu wakinitazama. Ati unanipa njia moja tu, halafu unaniletea mtoto! Mzee akaniambia hata yeye alimuua, kila mtu humuua, niache kujisumbua. Lakini nikirudi kwa mashine mkono ulikuwa unakosea. Nilishona zipu ya sketi ya mwalimu mmoja mbele badala ya nyuma. Sikuelewa nilikuwa namwonea nani huruma. Baba hayupo, mtoto hayupo, na mimi machozi yananitoka kwenye kitambaa cha watu.

Mwezi huohuo miti ya mama ikakatwa.

Ilikuwa makadamia, miti tisa, aliyoipanda nikiwa darasa la tatu. Ilikatwa Jumapili saa ya ibada, kwa msumeno wa petroli, ikaachwa imelala hapohapo. Hata kuni hazikuchukuliwa. Huo si wizi, hiyo ni chuki. Ilikuwa mpakani na baba mdogo, ndugu ya baba yangu, ambaye alikuwa amelalamika miaka mingi kwamba kivuli cha miti hiyo kinaua maharagwe yake. Na Jumapili hiyo baba mdogo hakuonekana kanisani. Nani alihitaji ushahidi zaidi? Mimi sikuhitaji.

Sasa, binti ya baba mdogo ni wajina wangu. Sisi wawili ndio wasichana wa kwanza wa ndugu wawili, kwa hivyo kama ilivyo desturi kwetu sote tulipewa jina la nyanya yetu mmoja. Tukiwa wadogo mtu akiita langoni tulikuwa tunaitika pamoja. Hatujawahi kuitana lingine ila wajina. Wakati huo alikuwa amerudi kwa baba yake na mimba ya miezi sita, baada ya kupoteza mbili. Daktari alikuwa amemwambia apumzike, na kila Ijumaa alinipigia simu kunieleza vile mtoto amecheza wiki hiyo.

Baba yangu aliita wazee wa ukoo, wakaamua beberu apigwe. Kwa asiyejua, kuringa thenge ni kiapo kizito. Beberu huletwa, na wazee wetu walisema kila mtoto wa nyumba iliyokosewa atampiga fimbo moja akitamka kwamba aliyefanya uovu huu avunjike hivi, yeye na uzao wake. Si yeye peke yake, uzao wake. Na anayekataa kupiga huonekana anamficha mkosaji.

Sisi ni watu wa kanisa. Mama yangu yuko kwenye umoja wa akina mama, ana kitambaa chake cha kichwa na kila kitu. Nilimuuliza nifanye nini. Akasema, "Mimi siji huko. Lakini sitawazuia." Halafu akateleka githeri ya watu wote. Hadi leo sijui kama hiyo ilikuwa kukataa au kukubali.

Wajina alinipigia siku moja kabla. Hakulia. "Wajina, baba alikuwa kitandani Jumapili hiyo, mgongo ulimkamata. Mimi ndiye nilimpikia uji. Tafadhali usipige." Nikamwambia nitafikiria. Nitafikiria! Kana kwamba ameniuliza rangi ya bitana. Nilitaka kumwamini, lakini pia nilikuwa nimemsikia baba yake kwa masikio yangu akisema, "Hii miti iko siku italala." Niliwaweka wote wawili kichwani, yeye na baba yake, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Beberu alipigwa saa nne asubuhi, chini ya shamba, karibu na visiki. Alikuwa mweusi, amefungwa miguu, ametulia. Ndugu zangu watatu walipiga mmoja mmoja, fimbo moja moja, wakatoka. Mimi kifungua mimba niliwekwa wa mwisho, wa kufunga. Nilipopewa fimbo, aliyenijia akilini ni nani? Si wajina, si mimba yake. Ni yule kipara na povu lake. Na nikafanya ujinga uleule. Nilimpiga polepole, kumgusa tu, maneno nikiyamung'unya mdomoni. Nikaona nimewaweza: nimepiga na sijapiga.

"Hiyo si kupiga," mzee mmoja akasema. "Rudia, na useme tukusikie."

Nilimtazama baba. Hakuniangalia, alikuwa anaangalia visiki, na visiki vilikuwa bado vibichi. Hapo sijui nieleze vipi. Hasira ilipanda kutoka miguuni. Hasira kwa baba mdogo, kwa yule mzee, kwa mama na githeri yake, hata kwa wajina kwa kunipigia simu na kunifanya nijue. Nilimpiga yule beberu kwa nguvu zangu zote na nikatamka kila neno. Kitu kilivunjika, nilikisikia. Na nitasema ukweli kwa sababu nimechoka kuubeba: nilisikia raha.

Hakuna mtoto aliyetokea na sahani. Watu walinawa mikono. Nilikula githeri ya mama nikaongezwa. Nilikuwa nasubiri ile aibu ya Kinoru inikamate, nikaingoja hadi niliporudi Meru, haikuja. Sasa mimi ni mtu wa aina gani? Namlilia mwanamume wa picha, halafu navunja mfupa wa kweli juu ya tumbo la wajina wangu, na nashiba.

Nilimuuliza mzee wa gemu. "Astaghfirullahi, dada, mambo ya kwenu usinitie mimi," akasema. Akapangusa padi moja, akapangusa nyingine, ndipo akaongeza kwamba labda ni kwa sababu gemu ina muziki. Nimelifikiria hilo jibu sana na bado sijui kama alikuwa ananitania.

Ijumaa hiyo wajina hakupiga simu. Iliyofuata pia hakupiga. Mimi sikuthubutu. Nilikuwa nashika simu, nalitafuta jina lake ambalo ni langu, naiweka chini.

Ijumaa ya tatu ilikuwa mchana, niko kwa mashine napiga pindo la pazia, simu ikalia. Ni yeye. Kitu cha kwanza aliniambia ni kwamba mtoto bado anacheza. Nilishusha pumzi hadi mteja aliyekuwa mlangoni akageuka. Nikaanza kujieleza haraka haraka, kwamba wazee walinibana, kwamba baba alikuwa pale, kwamba ningekataa wangesema mimi ndiye ninayejua. Akanikatiza. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniua. Alikuwa anauliza tu kama mtu ambaye hajaelewa.

"Hayo najua, wajina. Nilijua mtapiga. Lakini wanasema wenzako wote walipiga mara moja, wewe ukapiga mara mbili. Nilikukosea nini?"

Nilitaka kumwambia ile ya kwanza ndiyo ilikuwa ya huruma. Nilifungua mdomo, nikayasikia hayo maneno kabla hayajatoka, nikaufunga. Yeye alikuwa bado anangoja.