Siku Tano za Blasio Kisiwani

Katika bloku yetu ya skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, wilayani Kasese, mtu ambaye hakuwahi kukosa zamu hata moja ya maji ni Blasio Masereka. Nimekuwa katibu wa bloku kwa miaka kumi na tisa na madaftari yote ninayo. Ipo zamu aliyofungua lango la mfereji akiwa na homa, amejifunga blanketi la mkewe. Ipo nyingine iliyoangukia siku ya kumzika kaka yake huko Rukoki. Alifungua alfajiri, akaenda kuzika, akarudi kufunga jioni, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye viatu.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Maji ya mto huja kwa mfereji mkuu na kugawanywa kwa bloku nne, kila moja na siku zake. Siku zetu zikifika, Blasio hunyanyua bamba la chuma la lango, hutazama alama alizochora ukutani kupima kina, kisha hupeleka maji shamba kwa shamba. Huanza na wale wa mwisho kabisa kule chini, ambao mahali pengine huachiwa matope. Wakulima arobaini na mmoja wanamtegemea. Wapo waliowahi kumpelekea kuku ili wapate maji kabla ya wenzao, na kila kuku alirudishwa akiwa hai.

Mkewe ni Yudesi, mzaliwa wa Bwera. Blasio alimtolea mbuzi wote walioagizwa na wazee, wakaishi pamoja miaka ishirini na sita, wakapata watoto watano, lakini ndoa ya kanisani hawakuwahi kuifunga. Kila mwaka kulikuwa na sababu. Mwaka juzi paa, mwaka jana ada za shule. Mwishowe watoto wenyewe waliungana wakasema sasa imetosha, wazazi wafunge ndoa. Kamati ya harusi ikaundwa, na kikao cha kwanza kikafanyika katika ghala la mpunga la bloku.

Tulipofika kwenye suala la keki, Yudesi aliomba kusema. Alisema keki hataki, iwe ya ghorofa au isiyo na ghorofa. Alichotaka ni hanimuni, ile ambayo watu wa pwani huiita fungate, na aipate kisiwani, mahali penye maji pande zote. Watu walicheka. Mwenyekiti wetu Benon, askari mstaafu ambaye hadi leo tunamwita afande, alimwuliza kisiwa cha nini na hali ziwa lipo hapa hapa wilayani, mtu anaenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Yudesi alimgeukia.

"Afande, shida ni hiyo ya kurudi siku hiyo hiyo. Miaka ishirini na sita sijakaa na huyu bwana siku tano mfululizo. Mwili yake iko nyumbani, lakini masikio iko kwa lango. Nataka nimupeleke mahali mfereji haisikiki. Akikaa siku tano bila kukimbia, nitajua ameoa mimi."

Kicheko kilikatika. Blasio alinigeukia. "Katibu, andika. Siku tano." Nikaandika.

Alipanga hanimuni kama anavyopanga maji. Alisafiri hadi Bwera kumwona Shafic, ambaye lori lake huenda Kampala kila juma na ambaye amefika sehemu nyingi. Shafic alimweleza habari za visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria. Alisema kuna mchanga mweupe, michikichi, vibanda vya wageni vilivyojengwa ufukweni, na meli ya kuvifikia hutoka Nakiwogo, karibu na Entebbe. Blasio alirudi na kurasa tatu za maelezo. Kisha akapiga simu kwa hoteli moja baada ya nyingine, sauti ikiwa wazi ili Yudesi asikie. Aliuliza chumba kiko hatua ngapi kutoka majini. Aliuliza mvua ikinyesha sana ziwa linapanda hadi wapi. Binti wa hoteli ya tatu alimwuliza kama wangependa kutandaziwa maua kitandani, naye akataka kujua kwanza wenye chumba watalala wapi. Yudesi alimnyang'anya simu. Alisema maua wanayataka, na chumba kitazame upande jua linakozama.

Habari zilipofika Bwera, Naome, shangazi wa Yudesi, alipanda gari akaja. Kwa desturi yetu, shangazi humsindikiza bibi arusi hadi kwa mume, na Naome hakuona kwa nini ziwa libadilishe desturi. Alikuja na begi lake, tayari.

"Mutoto yetu hawezi kuenda kwa maji na bwana peke yake," alisema. "Nani atamuangalia?"

"Shangazi, huyo bwana nimezaa naye watoto tano."

"Ndiyo maana nasema."

Ilichukua siku mbili kumshawishi akubali kuwasindikiza hadi stendi ya mabasi ya Kasese tu.

Tatizo la kweli lilikuwa la Blasio mwenyewe, na ni kosa ambalo mtu asiye wa mifereji asingelifanya. Yeye hahesabu siku kwa kalenda ya ukutani. Huhesabu kwa zamu. Kwa kawaida maji huturudia kila baada ya siku nane, kwa hiyo alihesabu nane, nane, nane, akachagua Jumamosi ya harusi ili siku tano za kisiwani ziangukie kwenye zamu za bloku nyingine. Lakini msimu wa kupandikiza mpunga unapoanza, ofisi ya skimu hufupisha mzunguko uwe wa siku sita, ili miche michanga isikauke. Tangazo hilo kila mwaka hulisoma Blasio mwenyewe. Mwaka huu, kwa furaha, alilisahau.

Niliona hilo nilipokuwa nikipanga orodha ya zamu. Siku ya tatu ya hanimuni ilikuwa siku yetu ya maji, tena ya kwanza ya kupandikiza, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Nilimpelekea daftari. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akaketi kwenye ukingo wa mfereji.

Kanisani matangazo ya ndoa yalikuwa yamesomwa mara mbili. Chumba kilikuwa kimeshikwa. Na Naome alikuwa ameieleza Bwera nzima. Benon aliitisha kikao na kusema wazi kwamba harusi iendelee, ila kisiwa kiahirishwe hadi mavuno. Watu wengi waliona ndiyo busara. Yudesi alihudhuria kikao hicho, amekaa nyuma akichambua maharage. Alikuwa amekwisha kusema lake.

Aliyesimama ni Phionah, binti yao wa pili, mwalimu wa shule ya chekechea pale karibu. Alikulia kwenye ukingo ule. Akiwa na miaka saba alikuwa akimsomea baba yake alama za ukutani. Aliomba apewe lango zamu hiyo moja.

"Lango si ya kujifunzia," Benon alisema. "Pale watu arobaini na moja wanakula."

"Afande, nimejifunza miaka kumi na saba. Sasa naomba kazi."

Kicheko kikawa upande wake. Benon alimwuliza Blasio kama atamdhamini, na ikiwa mpunga wa watu utakufa, jina la nani liandikwe. Blasio aliniambia niandike lake. Uso wake ulionyesha kwamba alikuwa hajaamini bado kama binti ataweza.

Majuma mawili yaliyobaki baba na binti walikuwa kwenye lango kila alasiri. Blasio alimwandikia maelezo yaliyojaza daftari la shule, pamoja na namna ya kuzungumza na kila mkulima, nani hukasirika upesi na nani hukasirika polepole. Harusi ilifungwa Jumamosi. Sitaieleza, maana ilikuwa kama harusi nyingine, isipokuwa watoto wa bwana na bibi arusi waliwatembeza hadi madhabahuni badala ya wazazi. Jumatatu walipanda basi Kasese, na jioni ya siku ya pili walikuwa kisiwani.

Yudesi ndiye aliyetusimulia yaliyotokea huko. Anasema maua yalikuwa mekundu, na Blasio aliyaokota moja moja na kuyapanga dirishani ili yasilaliwe. Walitembea mchangani, yeye akiwa peku na mumewe amembebea viatu. Blasio alitazama ziwa muda mrefu sana. "Maji yote haya," alimwambia, "na hakuna mutu wa kugawa." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Wakakaa pale mpaka jua likazama, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, alimwuliza mkewe alikuwa akitaka kuwa nani alipokuwa msichana.

Siku yao ya tatu kisiwani, saa mbili asubuhi, nilikuwa kwenye lango pamoja na Benon na wakulima wengi. Phionah alinyanyua bamba. Maji yalikuja nusu. Mvua ya mlimani ilikuwa imeshusha magogo na mchanga hadi kwenye mfereji mkuu, na watu wa ofisi walikuwa wakizibua, lakini wasingemaliza siku hiyo. Zamu ilikuwa siku moja na nusu. Kwa maji yale, nusu ya mashamba yangekauka.

Benon hakungoja. Alimpigia Blasio simu, akaiwasha spika mbele yetu sote.

"Blasio, maji imepungua. Panda meli ya kwanza. Kesho nikuone hapa."

 Huko kisiwani, Yudesi anasema, alikuwa ameketi karibu, akimenya chungwa bila kumtazama mumewe.

"Nipe Phionah," Blasio alisema.

Benon akamkabidhi simu. Baba yake hakumwambia la kufanya. Alimwuliza anaona nini.

"Baba, iko kwa alama ya pili na haipandi. Nikianza chini kama wewe, nitafika katikati tu. Nimetembea mashamba yote jana. Watu ishirini na tatu wamekwisha kupandikiza na mvua ya juzi. Nataka nipe hao peke yao, walio chini na walio juu. Wenye miche bado kitaluni wataimwagilia na ndoo, wangoje zamu ijayo."

"Na sisi?"

"Sisi hatujapandikiza. Tutangoja."

Wapo waliokuwa wameanza kunung'unika kwamba binti atajipendelea. Wakanyamaza. Kwenye simu Blasio akamwita Benon.

"Afande uko hapo?"

"Niko."

"Mwenye lango wiki hii ni Phionah. Amri yako peleka kwake. Mimi niko hanimuni."

Kisha akakata. Benon alichukua simu yake, akamtazama Phionah, akamwuliza aanze na shamba gani. Phionah alimpa jembe, akamwonyesha mtaro wa kuziba. Nilimwona afande wetu, mwenye miaka sitini na nne, akikunja suruali na kuingia kwenye matope kutekeleza.

Blasio alirudi baada ya siku tano kamili, si saa moja kabla. Yudesi aliteremka kwenye basi akiwa amevaa kofia pana ya ukili, akatembea mjini Kasese polepole ili watu waione. Nilimwuliza mumewe kama alikuwa na wasiwasi zile siku mbili za mwisho. Alikiri kwamba usiku ule wa simu hakulala vizuri. Asubuhi yake, alisema, alilala hadi saa nne, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

Mashamba ishirini na tatu yalinusurika yote. Waliongoja walipandikiza zamu iliyofuata, kwa kuchelewa, miche ikiwa imekwisha kurefuka kupita kiasi, na mpunga wao ulitoka mfupi. Wa Blasio ndio mfupi kuliko wote, kwa sababu Phionah aliliweka shamba lao la mwisho hata katika zamu hiyo. Siku hizi zamu moja hufungua baba na nyingine hufungua binti, na daftarini majina yao yako mawili. Wageni wa skimu wakija kabla ya mavuno, Blasio hawapeleki kwenye mashamba mazuri. Huwapeleka kwanza kwenye lile lake, husimama katikati ya ule mpunga unaomfikia magotini, na kuwaeleza kwa kirefu jinsi ulivyochelewa na ni nani aliyeamua hivyo.