Picha ya Kutangulia Jeneza

Alizeti ikishavunwa, Singida kila mtu anaoa. Mwezi ule simu yangu haikunyamaza: leo harusi, kesho kipaimara, katikati ya wiki mahafali, na mimi ni mtu mmoja mwenye kamera moja. Nilikuwa nakula nimesimama. Nikisinzia naota kadi ya picha imepotea. Ofisi sina, nafanyia kazi kwenye meza ya chakula nyumbani Mandewa, na mlango ukigongwa tu moyo unaruka, maana anayegonga anataka picha zake.

Jumapili moja nikaamua liwalo na liwe, napumzika. Nikaenda na rafiki yangu ziwani Singidani, tukaagiza kuku wa kienyeji, tukakaa tunapigwa na upepo na kusengenya maharusi. Kuku hajaletwa, simu ikaita. Alikuwa mama mmoja wa Ulemo. Mwanzoni mwa mwezi nilikuwa nimepiga picha harusi ya binti yake.

"Dada, mama yangu amefariki. Tunazika kesho. Hatuna picha yake ya kutangulia jeneza, hata moja. Wewe ulimpiga kwenye harusi. Nisaidie, dada yangu."

Nilimkumbuka yule bibi. Alicheka harusi nzima, na akicheka macho yanapotea kabisa.

Kuku nikamwachia rafiki yangu. Nyumbani nikafungua picha zote, na kila nilipomwona bibi alikuwa amefumba macho. Moja tu ilimtoa vizuri, ameketi wima, khanga imekaa sawa, uso wote kwenye kamera. Na hiyo nayo amefumba. Sasa picha ya marehemu kwetu lazima iwaangalie watu. Ukitanguliza iliyofumba macho, waombolezaji watasema ulimpiga akiwa maiti. Nikamfikiria yule mama ameishika mbele ya ukoo mzima.

Kufungua macho ninajua. Maharusi wananiomba kila wiki: unatafuta picha nyingine ya mtu yuleyule, unachukua macho, unayahamishia. Lakini bibi hakuwa na picha nyingine. Nilipekua harusi yote nikitafuta anayefanana naye, nikampata mmoja tu, binti yake, yuleyule aliyenipigia simu. Nikachukua macho yake. Nikayaongezea makunyanzi, nikayapunguza ung'avu yawe ya kizee. Yakakaa. Yalikaa vizuri mno, nikaogopa.

Kesho yake nikapanda basi la asubuhi, fremu mapajani, nikijipanga namna ya kumwambia. Nilipofika akanipokea kwa kilio, akaikumbatia fremu bila hata kuiangalia, akaingia nayo ndani kabla sijamwambia.

Msibani nikajibanza nyuma ya akina mama. Kila aliyepita mbele ya ile picha nilimkodolea macho, nikisubiri mmoja aseme huyu siye.

"Jamani, huyu hapa, anatuangalia!" mmoja akapiga yowe, na wenzake wakaitikia kwa kilio.

Kisha akaletwa mzee mwenyewe, mume wa marehemu, ameshikwa mkono.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiye wewe mwenye picha?"

Akaishika fremu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso. Nikatamani ardhi inimeze.

"Ni yeye," akasema. "Hivi ndivyo alivyokuwa akiniangalia nikichelewa kurudi."

Nilitakiwa nifurahi. Nikarudi mjini nimenyong'onyea, na kazi zote zilizobaki za mwezi ule nilizifanya bila raha.

Mwisho wa mwezi yule mama akaja kwangu kuchukua albamu ya harusi ya bintiye. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia. Akafunua kurasa polepole mpaka akafika kwenye picha yake mwenyewe, akaweka kidole chini ya macho.

"Nilijua siku ileile," akasema, "nilipofuta machozi nikaiangalia vizuri."

Nikaanza kuomba radhi, akatikisa kichwa.

"Baba ameitundika sebuleni. Kila asubuhi anaisalimia kwa Kinyiramba, anaiambia na habari za shamba. Usimwambie, dada. Mimi siku hizi nikimpelekea chai naangalia chini, asije akalinganisha."