Mwendo wa Fundi Rangi

Roboti ile iliitwa Mguu Niponye, na jina lilitolewa kwa kejeli. Ilikuwa na miguu miwili ya chuma na kiwiliwili kama beseni la kufulia, kichwa haina, na kazi iliyoimudu hasa ilikuwa kuanguka. Ilianguka kifudifudi, ilianguka chali, na isingekuwa kamba iliyoining'iniza darini, ingekwisha kuwa vyuma chakavu.

Aliyeiandikia programu ya kutembea alikuwa binti wa fundi rangi mmoja mstaafu. Maabarani walimwita Daktari, ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano, na mama yake mdogo hakukoma kumwomba dawa ya mgongo. Kazi yake ilikuwa hii: kila unyayo unapogusa sakafu, kompyuta iamue papo hapo goti lipinde kiasi gani na uzito uhamie wapi. Kwenye sakafu tambarare roboti ilijikongoja. Ukiitandikia vipande vya mbao, chini!

Asubuhi moja, akiwa nyumbani, alimwona baba yake akipita kwenye kokoto za uani na ndoo ya rangi iliyojaa pomoni, wala tone halikumwagika. Mzee huyu aliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, nyonga ikaunga vibaya, na tangu hapo anachechemea. Mguu mbovu huurusha nje kidogo, akautua kwa hadhari kama mtu anayejaribu maji ya moto, ndipo akaukabidhi uzito. Binti alisimama dirishani na chai yake hadi ikapoa.

Akampeleka maabarani, akambandika vitambuzi vya kunasa mwendo kuanzia nyonga hadi vifundoni.

"Mnanipima suruali?" baba aliuliza.

"Tunakuibia mwendo, baba."

"Chukueni. Mimi mwenyewe sijawahi kuupenda."

Mwendo ukaingizwa kwenye programu, na Mguu Niponye ikavuka mbao zote ikichechemea, kamba imelegea juu yake. Binti alilia machozi ya furaha mbele za watu. Alimpigia baba simu hapo hapo.

"Siku ya maonyesho utakaa mbele. Nitakutambulisha kwa wageni wote, wajue huu mwendo ni wa nani."

Basi mzee hakushikika. Alinyoa ndevu, akalipiga pasi koti lake la harusi, na kila aliyemkuta dukani alimpasha habari kwamba mwendo wake umepata ajira, tena serikalini. Si kweli kwamba ni serikalini, lakini nani angekuwa na moyo wa kumsahihisha?

Siku ikafika, ukumbi ukafurika. Roboti ikafunguliwa kamba, ikapanda mbao, ikatua mguu, ikasita, ikatua mwingine. Haikuanguka. Mtu yeyote anayeijua kazi ile angesimama akapiga makofi. Lakini huko nyuma mtu alicheka puani, kisha jirani yake, na mgeni rasmi aliyeketi safu ya mbele akapaza sauti: "Hii mmeifundishia baa?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkuu wa maabara naye alicheka, maana mgeni rasmi akicheka, wakuu hucheka.

Baba, viti viwili kutoka kwa mgeni, alianza kuinuka huku akifunga kifungo cha koti. Alidhani zamu yake ya kutambulishwa imewadia.

Binti alimwona. Maneno alikuwa nayo mdomoni: huu ni mwendo wa baba yangu, yule pale. Aliyameza.

"Ni hitilafu ndogo tu," alisema, akitabasamu. "Tunairekebisha."

Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomchoma. Baba alibaki nusu amesimama, kisha akakaa taratibu na kuanza kuyaangalia magoti yake. Binti aliendelea kueleza habari za mota na uzito, uso unawaka moto, akitamani ardhi ipasuke immeze na kipaza sauti chake. Watu walimpigia makofi. Kila kofi alilisikia kama la shavuni.

Wageni walipokwenda kunywa chai, kiti cha baba kilikuwa kitupu. Alikimbilia koridoni, akamkuta mbele kidogo, anaelekea mlangoni.

Alikuwa anatembea wima. Mguu mbovu ameukaza, anausukuma mbele moja kwa moja kama askari wa gwaride, taya zimebana, jasho linamtiririka kisogoni. Ile nyonga binti aliijua kuliko aliyozaliwa nayo mwenyewe. Aliona kabisa kwamba haitahimili, na kabla hajafungua mdomo, ikamsaliti mzee. Alipepesuka, akaudaka ukuta.

"Baba! Unafanya nini? Tembea kama siku zote, jamani."

Baba alivuta pumzi, akalinyoosha koti, akaukaza mguu tena.

"Ngoja kwanza tutoke nje, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Wageni wako wanatuona."