Darrell Wuensche na Dume Aliyemwita Jenerali

Darrell Wuensche alikuwa muuza milango ya gereji mjini New Braunfels, na kwa siku mia tatu na hamsini za mwaka hakuna mtu aliyemsikiliza, mkewe akiwa wa kwanza. Siku zilizobaki alikuwa mkuu wa kambi yetu ya uwindaji. Hatukumchagua. Tulikuwa watu sita tuliokodi pamoja haki ya kuwinda kulungu kwenye ranchi ya Bi Oleta Keese, kaskazini mwa mji wa Mason, na mwaka wa pili tu Darrell alifika na karatasi ya kanuni iliyofunikwa kwa plastiki ngumu, akaipigilia kwenye mlango wa kibanda cha kupikia. Sisi tulikuwa tunakula. Tukaisoma, tukaendelea kula, na hivyo ndivyo alivyopata cheo.

Mimi nilisoma naye. Nilimfahamu na baba yake, mzee Otto, mwindaji kwelikweli, aliyekuwa akiingia kwenye mierezi na risasi tatu mfukoni na kurudi na nyama na risasi mbili. Mwanawe alirithi bunduki. Ule ukimya wa mzee haukumfikia, wala macho yake, wala ule uvumilivu wa kukaa saa sita bila kujikuna. Badala yake alinunua vitu. Alikuwa na kamera kumi na nne zilizofungwa mitini, zikimtumia picha kwenye simu hadi kanisani. Alikuwa na mapipa yaliyojimwagia mahindi kwa saa maalum ili kuvuta kulungu, na dungu la kuvizia lenye zulia na kiti cha kuzunguka, na kichupa cha mkojo wa kulungu jike alichojinyunyizia kwenye buti kuanzia mwezi wa kumi ili kuvuta madume. Mbwa wa Bi Oleta walimpenda sana.

Mwaka ninaousimulia, kamera mojawapo ilimnasa dume wa pembe zenye ncha kumi, pana kama usukani wa lori, shingo imeanza kuvimba. Darrell akampa jina, Jenerali. Akatuandikia sote ujumbe kwamba Jenerali ni wake, asiguswe na mtu. Kana kwamba mnyama alikuwa ametia sahihi.

Mwaka huohuo tulipata mwenzetu mpya. Chon Ybarra, tuliyewinda naye miaka tisa, alifariki mwezi wa pili, na mjane wake Nelda akasema nafasi ya mumewe ataishika yeye. Nelda alikuwa dereva wa basi la shule kule Pearsall, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, wa kufika miaka hamsini na tano. Alikuja na bunduki ya Chon, godoro moja, na sufuria ya maharage yenye pilipili ambayo iliwanyamazisha watu wote isipokuwa mmoja.

"Karibu, Nelda," Darrell alimwambia, akitamka neno mojamoja kama anayeongea na mtu kiziwi. "Hapa tuna utaratibu. Wewe utakaa kwenye lile dungu la karibu na barabara. Kuna usalama. Ukiogopa, una redio ya kutuita."

"Niogope nini?" Nelda akauliza.

"Kwa mfano ukisikia kitu."

"Mimi nabeba watoto sitini kila asubuhi, Darrell. Nimeshasikia kila kitu."

Tukacheka. Darrell akacheka pia, kwa kuchelewa, kama afanyavyo mtu ambaye hajaelewa lakini hataki kuachwa nyuma.

Dungu la barabarani ndilo lilikuwa bovu kuliko yote. Magari yalipita, na mbuzi wa jirani walilala chini yake. Chon, Mungu amrehemu, alikuwa na dungu zuri upande wa korongo, na Darrell alikuwa ameshahamishia kiti chake humo kabla maua ya kaburini hayajakauka. Hakuna aliyempinga. Hata mimi, niliyesaidia kubeba jeneza lake.

Alhamisi kabla ya ufunguzi wa msimu upepo wa kaskazini ukashuka, baridi ikashika, na ranchi nzima ikabadilika. Waliozoea mahali pale wanajua wiki hiyo. Majike bado hawajaingia kwenye joto la kupandana lakini madume wameshapata habari. Wanasugua pembe kwenye miche hadi gome linaning'inia, wanaparua ardhi na kuikojolea, wanatembea mchana kweupe, pua chini, kama watu waliopoteza funguo. Wadogo kabisa wanafukuzana barabarani bila kujua wakimkamata jike watamfanya nini. Darrell naye hakuwa na tofauti kubwa. Alizunguka kambini akigonganisha pembe kavu mbili na kutuhutubia jinsi Jenerali atakavyokuja mbio akidhani wenzake wanapigana.

"Verlon," akaniambia, "kesho kutwa utaona kazi ya mtu anayejua."

"Nitakaa mkao wa kuona," nikamjibu.

Jumamosi, yapata saa mbili na robo asubuhi, risasi moja ililia upande wa korongo. Dakika haikupita redio ikaanza kupayuka. "Ameanguka. Jenerali ameanguka. Njooni na kamera."

Tulipofika, mimi na Nelda na wengine watatu, hapakuwa na kulungu. Palikuwa na Darrell, amesimama kati ya mahindi yaliyomwagika, akiuelekeza mkono wake huku na huku. Nelda akaenda moja kwa moja pale mnyama aliposimama. Akainama, akaokota nywele chache nyeupe, akagusa jani lenye damu, akanusa kidole.

"Hii ni damu ya tumboni," alisema. "Ina majimaji ya kijani. Umempiga nyuma sana."

"Haiwezekani. Mimi huwa sikosei bega."

"Basi mnyama wako ana bega lenye majani ndani yake."

Darrell akavuta pumzi, akatufundisha kwa muda jinsi upepo unavyopeleka risasi. Kisha akaifuata damu, nasi nyuma yake, kama hatua mia moja hivi, hadi ilipoingia kwenye mierezi minene na mipungate yenye miiba. Hapo akasimama. Akatazama saa.

Lazima nieleze mambo mawili. Kwanza, saa tano kulikuwa na mechi ya mpira ya chuo alichosoma kwenye televisheni. Pili, kanuni ya saba ya ile karatasi yake, aliyoiandika mwenyewe kwa herufi nyeusi, ilisema kwamba anayemwaga damu ya dume amemaliza haki yake ya dume kwa msimu huo, ampate asimpate. Niliziona hesabu hizo zikipita usoni mwake, taratibu, kwa sababu uso wake haukuwahi kupitisha jambo lolote kwa haraka.

"Nadhani nilimparua tu," akasema. "Hapana. Hata sikumparua. Hii damu itakuwa ya zamani, wamepigana usiku. Nilimkosa, jamani. Hutokea."

"Damu mbichi," Nelda akasema.

"Nelda, mimi nimewinda miaka thelathini. Kulungu huyo ni mzima kama wewe. Twendeni tukanywe kahawa."

Akaondoka. Wale watatu wakamfuata, maana walitaka kurudi kwenye madungu yao. Nelda akakaa juu ya jiwe, akavua kofia.

"Tumwache alale," akaniambia. "Tukimsukuma sasa atakimbia hadi kwa jirani na kufia huko. Saa sita tutaanza. Wewe una kazi nyingine?"

Nikasema sina. Nilikuwa na dungu langu na hamu yangu, lakini niliona aibu, na aibu ya mtu mzima hukaa palepale hadi aifanyie kitu.

Tulimfuata yule dume tangu saa sita. Nelda alikwenda mbele, amejikunja, akiweka kipande cha karatasi ya chooni kwenye kila tone ili tusipotee. Mahali pengine tulitafuta nusu saa kabla ya kuona tone lingine. Mara mbili tulikuta mahali alipolala, nyasi zimelazwa, zinanuka. Mara moja tu, alipokuwa akichomoa mwiba gotini, Nelda alisema, "Chon aliwahi kutafuta mmoja siku mbili. Nilimkasirikia, nikamwambia nyama imeshaoza, rudi nyumbani. Akasema si habari ya nyama."

Kama saa tisa hivi tulisikia mgongano chini ya mwaloni kwenye mkondo mkavu. Tukachungulia. Jenerali alikuwa amelala kwa tumbo, kichwa juu bado, na juu yake alisimama dume mdogo wa ncha sita, shingo imemvimba kwa ashiki, akimchoma ubavuni kwa pembe. Alimchoma, akarudi nyuma, akapiga kwato, akamchoma tena. Mwezi mmoja nyuma asingethubutu kupita kwenye kivuli chake. Nikamkumbuka mtu fulani na kiti chake cha kuzunguka.

Nelda akapiga makofi mara moja, yule mdogo akatoweka. Kisha akapiga magoti, akaegemeza bunduki ya Chon kwenye shina, na kummaliza mnyama kwa risasi moja ya shingo. Tukangoja mpaka miguu ilipotulia.

Nikachukua redio. "Darrell, tumempata dume mwenye tundu la tumboni. Njoo ufunge kipande cha leseni yako kwenye pembe, ahesabiwe kuwa wako."

Nyuma ya sauti yake nilisikia televisheni, watazamaji wa mechi nyingine wakishangilia. "Si wangu huyo," akasema. "Mimi nilikosa. Nilishasema. Afunge aliyemuua." Wote wenye redio walimsikia.

Nelda akakata kipande kwenye leseni yake, akaandika tarehe kwa kalamu ya basi la shule, akakifunga kwenye pembe.

Tulipoingia kambini na mnyama nyuma ya pikapu, Darrell alitoka na sahani ya kidari cha kuchoma mkononi. Aliziona pembe. Sahani ikaanza kuinama, mchuzi ukamtiririkia kwenye buti, mbwa wakasogea.

"Huyo ni Jenerali," akasema.

"Ndiye," nikajibu.

"Huyo ni wangu. Risasi ya kwanza ni yangu. Tazama, tundu hilo hapo."

Nelda alikuwa akinoa kisu. "Ulisema ulikosa."

"Nilisema nadhani nilikosa. Nelda, wewe ni mgeni, hujui taratibu. Mwenye damu ya kwanza ndiye mwenye mnyama. Chon angekwambia hivyo hivyo."

Nelda akaacha kunoa. "Chon usimtie mdomoni," alisema kwa sauti ileile ya chini.

Wakati huo Bi Oleta alikuwa ameshafika na lori lake kukagua ufunguzi ulivyokwenda, kama alivyofanya kila mwaka. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na alitembea na fimbo ya kuswagia ng'ombe. Akasikiliza pande zote. Kisha akaenda mlangoni, akasogeza miwani, akaisoma karatasi ya Darrell kuanzia juu hadi chini, sisi tukimngoja.

"Darrell, mwanangu," akasema, "ama hukumjeruhi, na kulungu ni wa Bi Nelda. Ama ulimjeruhi, na msimu wako umekwisha. Lipi?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Darrell akazitazama zile pembe. "Nilimjeruhi," akasema. "Nilijua tangu asubuhi. Damu ilikuwa mbichi."

"Ulijua."

"Ndiyo, bi."

"Ukaenda kutazama mpira."

Darrell akaanza kueleza kwamba ilikuwa mechi ya chuo chake.

"Chukua vitu vyako," Bi Oleta akasema. "Hata vile vya mitini. Mwakani usirudi. Marehemu mume wangu alimfukuza ndugu yake wa tumbo moja kwa jambo hilo hilo, na yule alikuwa na adabu kuliko wewe."

Hakubishana. Alipakia, akazunguka mitini kukusanya kamera zake, akatoa kiti kwenye dungu la Chon. Kabla ya kuondoka alimwendea Nelda, aliyekuwa ameshamtundika kulungu na kuanza kumchuna, na akamwomba kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka natamani kutema mate. Aliomba apigwe picha na pembe.

Nelda akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejikojolea kwenye basi. "Piga," akasema. "Ila usiniguse nikiwa na kisu."

Mimi ndiye niliyempigia. Alichuchumaa, akashika kichwa, akatabasamu kwa meno yote. Jioni ile ile picha ilikuwa imesambaa mtandaoni, na chini yake ameandika kwamba alimfuata dume huyo kwa muda wa saa saba kwenye miiba, peke yake.

Nyama ya nyuma iliharibika kwa sababu ya risasi ya tumbo. Ya mgongo na mabega ilipona, na Nelda akaigeuza soseji, akampelekea kila mtu kambini, hata wale watatu. Dungu la korongo ni lake sasa.

Mwezi wa tatu springi ya mlango wangu wa gereji ilikatika, nikaenda New Braunfels, kwa kuwa duka jingine liko mbali. Ukutani nyuma ya meza ya Darrell palikuwa na kichwa cha kulungu, pembe za plastiki zilizochongwa kwa kufuata ile picha. Fundi alikuwa hodari. Nilizihesabu ncha wakati mteja mmoja akimpongeza: zilikuwa kumi na mbili.

"Verlon alikuwepo," Darrell akamwambia yule mteja bila kunitazama. "Muulize."

Mteja akanigeukia. Nilisema ninahitaji springi ya mlango wa futi kumi na sita. Darrell akaniletea, akanihadithia kwamba amepata ranchi mpya kusini, karibu na Cotulla, na kwamba wenzake wa huko ni watu wazuri lakini hawana utaratibu, ndiyo maana wamemwomba awaandikie kanuni.