Mkasi wa Shingoni

Msimamizi wa karakana ya ushonaji huning'iniza mkasi shingoni kwa utepe, na huongea polepole hata cherehani zikinguruma. Kila anayeajiriwa humfundisha yeye mwenyewe kukata, akimshika kiwiko, huku kidole gumba chake chenye sugu kikitangulia mbele ya chaki. Leo bosi amemjia juu mbele ya wote. "Mama, acha kuwafundisha hawa. Wakishaiva wanakimbilia kwa wenzetu." Msimamizi alivua mkasi, akamkabidhi mama wa makamo aliyeanza kazi wiki iliyopita, kisha akatandaza mezani kitambaa cha suti ya bosi. "Mpime, dada, halafu ukate." Bosi alianza kuhema kwa hasira, kifua mbele. "Simama wima, bosi," msimamizi alimwambia polepole. " Ukivimba hivyo, koti litakupwaya."