Gego la Mama na Kipimo cha Kakao

Mama yangu alikuwa na gego bovu, ndilo pekee lililobaki upande wa kulia, na alikataa katakata kuling'oa. Shavu limevimba, uji anaunywa kwa upande mmoja, ukimtajia hospitali anakujibu, "Likitoka, kakao nitaing'ata na nini?" Kwetu Makwale kakao ikianikwa, yeye ndiye hung'ata punje akasema imekauka au bado. Majirani wote humletea.

Basi mimi na mdogo wangu tukaunda kipimo cha unyevu: kiboksi chenye sensa, na programu ya lugha ya C ndani yake. Faili moja la kakao, jingine la mpunga. Funksheni ya kusoma sensa, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi hiyo, nikainakili kote kuwili. Kompyuta ikagoma, eti funksheni moja imeandikwa mara mbili. Mimi nina hasira za karibu. Nikabandika neno static mbele ya kila moja, yaani kila faili lifiche ya kwake, ikanyamaza. Nikajiona fundi kweli kweli!

Baadaye mdogo wangu akarekebisha hesabu za sensa, lakini kwenye faili la mpunga tu. Hakujua kama kuna nakala nyingine. Tukapima kakao ya mama mbele ya majirani, kiboksi kikasema kavu. Mama akang'ata, akatema.

"Mbichi hii! Jino langu halitoki ng'o."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Niliona aibu, jamani. Nilipomweleza mama kosa lenyewe, akanishangaa. "Nyumba nne hapa tunatwangia kinu kimoja. Kiko kwa shangazi yako, na kila mtu anajua kiko huko. Ninyi mmechonga viwili vya nini?"

Nikafuta zote mbili. Nikaandika moja tu, yenye zile hesabu zilizorekebishwa, ndani ya unyevu.c, bila static, kisha faili dogo la unyevu.h lenye mstari mmoja wa kutangaza kwamba ipo. La kakao na la mpunga yote nikayawekea #include, amri ya kuliingiza tangazo hilo. Kompyuta ikakubali papo hapo, tukarukaruka uani kama watoto.

Mama akaleta nyungo tatu za kakao. Kila ungo aling'ata kwanza, akafunga mdomo, akasubiri kiboksi kiseme. Bado. Kavu. Bado. Mara zote tatu kilisema alichojua yeye.

"Ndaga," akakishukuru, na mimi machozi yakanilengalenga kwa furaha.

Kesho yake alirudi kutoka hospitali kashika shavu, gego kalifunga kwenye leso. Akaliweka juu ya kiboksi.

"Haya," akakiambia, "zamu yako."