Ngozi ya Chatu Sebuleni

Sijui kama haya yanafaa kuandikwa. Mimi niliishia darasa la nane, na huenda mwingine aliyekuwepo angeyasimulia vingine. Nitajaribu kuyaweka yalivyokuwa, bila kumwonea mtu.

Tangu binti yangu ahamie London kikazi, nimebaki peke yangu katika nyumba yetu hapa Saltley, Uingereza. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mama mjane kutoka Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani. Aliolewa na Mwingereza akaja huku angali msichana. Kiingereza chake nimekizoea, changu anakivumilia.

Yeye ndiye aliyenifundisha sanshin. Ni chombo cha nyuzi tatu, shingo ndefu nyeusi, na tumbo dogo lililowambwa ngozi ya chatu, magamba yote yanaonekana. Siku ya kwanza nilikataa kukigusa. Nilimwambia kwetu Kitui nyoka hashikwi, anapigwa. Akacheka, akasema huyu alishapigwa zamani.

Vidole vyake vimekakamaa, haviwezi tena kubana nyuzi. Kwa hiyo mimi napiga, yeye anaimba. Katika nyimbo zao kuna mahali mwimbaji anapumua na wenzake wanamrushia neno, *iya sasa*, kama sisi tunavyomwitikia anayeongoza wimbo harusini. Hapo ananitazama mpaka niitikie. Nisipoitikia, anasimama hapo hapo.

Mwaka jana alinikabidhi kile chombo kabisa. Aliniomba kisikae karibu na hita, ngozi itapasuka, na kisifichwe. Kwao kinawekwa chumba cha wageni, mahali pa heshima. Nikakitundika sebuleni.

Sasa, sisi akina mama Wakenya wa kanisa letu tuna ushirika wa Jumamosi, tunazungukiana nyumba kwa nyumba. Wengi ni manesi, wengine tunahudumia wazee majumbani. Shifti zinatutawanya, na ukiikosa ile Jumamosi unaweza kumaliza wiki nzima hujaitwa dada na mtu yeyote. Zamu yangu ilipofika nilipika tangu asubuhi: chapati, ndengu, kuku niliyemfuata hadi Stratford Road. Niliogopa wasije.

Walikuja, wakala, wakasifu chapati. Wakati wa maombi ulipofika, mwenyekiti wetu akainua macho ukutani.

"Dada, kile ni nini?"

"Ni kama gitaa. Alinipa jirani."

"Gitaa naiona. Nauliza imevalishwa nini."

Nikamwambia. Mmoja aliyekuwa ameketi chini yake aliondoka pale kochini kama aliyekalia maji.

Mwenyekiti hakupaza sauti, hilo lazima niliseme. Na ni yeye aliyeniletea uji nilipougua, akaniosha hadi vyombo. Alieleza mbele ya wote kwamba utotoni alipelekwa kwa mganga aliyetundika ngozi kama ile, na mpaka leo hawezi kufumba macho kuomba mbele ya ngozi ya nyoka. Akaniomba nikitoe nje mpaka wamalize. Nje kulikuwa na mvua, lakini ningeweza kukipeleka chumbani juu, na jirani asingejua kamwe. Bado najiuliza kwa nini sikufanya hivyo. Nilijisikia tu nikisema, "Kitakaa. Twendeni tukaombe jikoni."

Tuliomba tumesimama, tumebanana kati ya jiko na friji, migongo kwenye mashine ya kufulia. Mmoja akasema Mungu husikia hata penye harufu ya vitunguu, tukacheka. Nilidhani yamepita. Kisha wakavaa makoti kabla ya chai.

Jumamosi iliyofuata simu yangu haikupata ujumbe wa kusema tukutane wapi. Wala ile nyingine. Nilijiambia labda ni shifti. Halafu siku moja Coventry Road, kule Small Heath, nikakutana na dada mmoja wetu amebeba sufuria kubwa. Alisema wanakutana kwake leo, alidhani nimeambiwa. Inawezekana kweli alidhani hivyo. Alinikaribisha, lakini nilikuwa njiani kwenda kazini.

Nilimweleza jirani kila kitu. Aliingia ndani, akarudi na sanshin nyingine, tumbo lake mkebe wa bati. Baba yake aliitengeneza baada ya vita vya pili vya dunia, watu walipokuwa wamewekwa kambini hawana kitu, wakaunda ala kwa mikebe mitupu na mbao za kuokota. Nikamwambia kaka zangu waliunda magitaa ya mikebe ya mafuta ya kupikia na waya za breki. Akaiweka magotini pangu.

"Tundika hii," alisema. "Ile ya ngozi nirudishie. Watu wako warudi."

Sitadanganya, mikono yangu ilikuwa tayari imeishika. Kila mtu angetulia, na mimi ningerudi kuitwa dada. Nikauliza, ile ya ngozi atapiga nani?

"Hakuna. Itakauka tu."

Nikamrudishia mkebe wake.

Jioni nilimwandikia mwenyekiti, nikafuta, nikaandika tena: "Dada, sidhani umenikosea. Lakini chombo kitabaki sebuleni. Zamu yangu ikifika, nitaweka viti jikoni, tuombe huko tumekaa."

Alijibu baada ya siku mbili. "Sawa dada. Lakini jikoni kwako ni kudogo."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Kuna wakati nauona kama mlango uliofungwa kwa adabu, na kuna wakati namwona mtu akipima nafasi, nani atakaa wapi. Nisimsingizie.

Nilinunua viti vya kukunja, vile vyembamba. Jumamosi hii pia hakuna aliyeniandikia. Nimekitoa kimoja kwenye plastiki yake, nikakikunjua kando ya friji, nikakikalia kuona kama mlango wa jikoni bado unaweza kufunguka. Unafunguka, nikiinua miguu kidogo.